Mgeni Rasmi Akishaondoka

Nilifika siku ya pili, saa nne asubuhi. Tangazo lililozunguka kwenye simu wiki nzima lilisema maonesho ya miswada ya kale yangedumu siku tano kwenye ukumbi wa chini wa maktaba ya chuo kikuu kimoja. Sitakitaja, maana kingeweza kuwa chochote kati ya vingi nivijuavyo. Nilikuta meza tatu zilizovuliwa vitambaa, viti vya plastiki vimepandanishwa pembeni, na puto moja la bluu limenasa kwenye feni. Kijana wa maktaba aliyekuwa anakunja bango akaniamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maonesho yako wapi?"

"Yaliisha jana, mzee. Mgeni rasmi alitoka saa nane, tukarudisha vitu kabatini. Tuliogopa visije vikapotea."

"Na zile siku tano?"

"Bajeti ilikuwa ya siku moja."

Akaniomba radhi, akanipa kipeperushi kilichobaki. Kilikuwa na picha ya mkuu wa maktaba, dira, dhima, saa za kazi na namba za simu. Hapakutajwa muswada hata mmoja.

Kijana yule hakuwa na kosa. Ndani ya majibu yake mawili, hofu ya vitu kupotea na bajeti ya siku moja, limo karibu swali zima la maonesho ya maktaba za vyuo vikuu vyetu: yanafanywa kwa ajili ya nani, yanaonesha nini, na kwa nini tangazo hushinda kinachotangazwa. Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kama mpenzi wa makaratasi ya zamani, na sifichi kwamba nina upande. Mimi namwangalia mtu aliyeingia kutoka barabarani bila kualikwa. Akitoka, je, anajua aende kaunta gani na aombe kitu gani? Kama hajui, pale palikuwa na shughuli tu, hata kama ilifana.

Neno lenyewe limetuponza kidogo. Kwa Mtanzania, maonesho ni Sabasaba na Nanenane: mabanda, fulana, kalenda za bure, na kijana aliyesimama mlangoni akieleza taasisi yake inafanya nini. Maktaba nyingi za vyuo zimeuchukua mtindo huo ulivyo. Zinapoandaa maonesho, zinajionesha zenyewe: huduma zetu, kanzidata zetu, idadi ya kompyuta zetu, na mkutubi wa kukuelekeza jinsi ya kujisajili. Hayo yana nafasi yake, hasa mwezi wa kupokea wanafunzi wapya. Lakini banda la namna hiyo lingeweza kuwa la benki au la mamlaka ya maji, ukabadilisha bango tu. Maktaba ya chuo kikuu ina kitu ambacho benki haina, nacho kiko nyuma, kwenye rafu zisizofikiwa na mgeni.

Tuchukue Mlimani. Mwaka 1961 chuo kilianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wachache kuliko timu mbili za mpira. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Maktaba yake ina sehemu ya East Africana, na ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa pwani. Katalogi ya miswada hiyo pamoja na kanda za sauti, iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ilichapwa mwaka 1970. Mwezi Novemba 2018 likazinduliwa jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa China, lenye uwezo wa kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Kwa hiyo nafasi ipo, na watu wanapita mlangoni kwa mamia kila siku, wengi wao wakitafuta kiti, soketi ya kuchajia na mtandao. Makumbusho mengi yangetamani wingi wa watu kama huo. Anayepanga onesho pale hana haja ya kutafuta watazamaji. Kazi yake ni kumsimamisha kwa dakika mbili mwanafunzi mwenye mtihani kesho.

Dakika mbili hizo hazipatikani kwa bango lenye maneno mia tatu. Zinapatikana kwa kitu kimoja chenye kasoro inayoonekana: ukurasa ulioliwa na mchwa kwenye kona, jina lililokwanguliwa, tone la nta. Nimewahi kumwona binti amesimama mbele ya nakala ya utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, akifuatisha mistari kwa kidole hewani, midomo ikicheza. Alisoma madrasa utotoni, hakujua kwamba elimu ile ingemfungulia Kiswahili cha miaka mia mbili iliyopita. Aliganda pale mpaka rafiki yake akamvuta mkono.

Tatizo la pili ni mlango wenyewe. Kwa kawaida ya kwetu, ukumbi wa maktaba ya chuo uko ndani ya geti la kwanza, na maktaba iko ndani ya geti la pili, na kila geti lina mlinzi anayeuliza kitambulisho. Tangazo linasema "wote mnakaribishwa", mlinzi anasema "weka kitambulisho cha chuo hapa". Maktaba ya Bodleian ya Oxford, iliyofunguliwa mwaka 1602, ilikuwa na tabia hiyohiyo kwa karne nyingi, tena kwa ukali kuliko sisi. Mwaka 2015 ilifungua upya jengo lake la Weston, ambalo tangu miaka ya 1940 lilikuwa ghala la vitabu na vyumba vya wasomaji wenye ruhusa, na safari hii likawa na ukumbi mpana unaoelekea barabarani, vyumba vya maonesho na sehemu ya chai. Mpita njia anaingia bure. Vitabu vyenyewe bado vinalindwa vilevile, ila mlango wa maonesho umetenganishwa na mlango wa wasomaji. Hilo ni jambo la fundi mwashi na uamuzi wa kikao kimoja, halihitaji falsafa ndefu.

Kuna mlango mwingine usiokuwa na bawaba, ule wa mwaliko. Juni 1962 Makerere iliandaa mkutano wa waandishi wa Afrika, tukio ambalo mpaka leo linatajwa kila historia ya fasihi ya bara hili inapoandikwa. Walikuwapo Achebe na Soyinka, na mwanafunzi mmoja wa palepale aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Sharti lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye mashairi, insha na riwaya zake zilitosha kujaza rafu, hakuwa na nafasi humo, naye akafariki dunia mwezi huohuo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulieleza jambo hilo kwa uchungu miaka mingi baadaye. Ninalitaja kwa sababu kosa la aina ile linarudiwa kimyakimya kila tunapoandaa onesho la miswada ya Lamu, Pate au Tanga, maelezo yake yakawa ya Kiingereza kitupu, na wajukuu wa waandishi wa miswada hiyo wakasikia habari zake baada ya wiki mbili.

Nirudi kwenye hofu ya kijana yule, kwa maana ni hofu ya kweli na wakutubi wanaibeba peke yao. Kitu kikipotea, anayeitwa kuandika maelezo ni yeye, mgeni rasmi haitwi. Lakini tuulize vitu hupotelea wapi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa na madaftari mawili ya Charles Darwin, moja likiwa na mchoro mdogo wa mwaka 1837 unaofanana na mti wenye matawi, wazo lake la viumbe kutokana na asili moja. Mwaka 2000 yalitolewa ghalani kwenda kupigwa picha. Ukaguzi wa Januari 2001 haukuyakuta mahali pake. Kwa karibu miaka 20 ilidhaniwa yamewekwa rafu isiyo yake, mpaka mwaka 2020 maktaba ilipotangaza hadharani kwamba huenda yameibwa. Machi 2022 yakakutwa sakafuni nje ya ofisi ya mkutubi, mahali pasipo na kamera, ndani ya mfuko wa zawadi wa rangi ya waridi, pamoja na bahasha yenye salamu za Pasaka. Hayakuwa na dosari ya maana. Miezi michache baadaye yalitandazwa kwenye onesho, watu wakapanga foleni kuyaona.

Hayakupotelea kwenye onesho. Yalitoweka upande wa ndani wa mlango, huko ambako haingii mtu asiye na ruhusa, na ukimya wa miaka ndio uliowapa wakutubi kazi. Onesho lenye orodha hulazimisha watu kuhesabu: hiki kimetoka, hiki kimerudi, hali yake ilikuwa hivi kabla na iko hivi baada ya onesho. Maktaba isiyoonesha kitu kwa miaka 15 haina hakika na ilicho nacho. Na kabati lililofungwa halizuii moto. Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka Table Mountain uliunguza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na makumi ya maelfu ya vitabu vya taaluma za Afrika. Miezi saba kabla yake, Septemba 2020, lilikuwa limeungua jengo kuu la Makerere, na kumbukumbu za chuo ndani yake.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya mwanga. Wino na karatasi huliwa na mwanga kidogokidogo, na uharibifu huo haurudi nyuma hata ukilifunga kabati usiku. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi wengi ni kutopita mwanga wa luksi 50 juu ya muswada, ilhali ofisi ya kawaida ina luksi 300 hadi 500, na ukumbi wenye madirisha ya vioo kama ya majengo yetu mapya hupita hapo mbali sana. Juu yake ongeza unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, ukungu, na umeme unaokatika kiyoyozi kikiwa ndicho tegemeo. Anayetandaza hati ya asili mezani chini ya taa kali ya mpiga video wa mgeni rasmi anaidhuru kwa saa tatu zaidi ya ilivyodhurika mwaka mzima ghalani.

Dawa yake inajulikana na si ghali. Hati ya asili iwe moja au mbili, kwenye kona isiyo na dirisha, kila baada ya wiki kadhaa ukurasa ufunuliwe mwingine. Zilizobaki ziwe nakala za picha zilizochapwa vizuri, na kibandiko kiseme wazi kwamba ni nakala. Kitabu kisilazwe wazi mpaka mgongo upasuke. Wazee wetu walilijua hili zamani: marfaa, ile samani ya mbao inayokunjuka kushika msahafu, huacha kitabu kifunguke kwa pembe tu, kurasa zisilale chali. Nimeona maktaba za nje zikinunua vishikio vya plastiki angavu kwa bei ya kutisha kufanya kazi ambayo seremala wa Lamu anaimaliza kabla ya adhuhuri.

Nimeitaja Lamu, basi nimtaje Muhamadi Kijuma. Alikuwa mtunzi, mchongaji na mwandishi wa hati, aliyefariki katikati ya miaka ya 1940 akiwa mzee sana. Wazungu waliotaka miswada ya Kiswahili walimwendea yeye: Alice Werner, William Hichens, kisha Ernst Dammann aliyefika Lamu miaka ya 1930. Aliwanakilia tenzi kwa mkono wake, mara nyingine akizipamba kurasa, wakamlipa. Leo mwandiko wake uko kwenye maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London, na Ujerumani pia. Onesho moja juu ya Kijuma lingekuwa na kila kitu: mkono wa fundi, biashara ya maarifa, barua za kudai malipo na karatasi, na swali gumu la nani ni mwenye mali pale mwandishi anapouza nakala kwa hiari yake. Swali hilo halijibiwi kwa kupiga kelele "rudisheni", wala kwa kukaa kimya. Linahitaji kabati mbili zilizowekwa pamoja, moja yenye hati na nyingine yenye barua, msomaji aamue mwenyewe.

Kwa nini vyuo vya mbali vimetutangulia? Pesa ni sehemu ya jibu, lakini si yote. Maonesho makubwa ya sanaa za Waswahili yaliyoanzia Krannert, makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 2017, kisha yakaenda Washington na Los Angeles, yalitegemea vitu vilivyoazimwa pia kutoka Kenya na Oman. Sisi wenyewe tulikuwa na vya kuazimisha. Maktaba ya Herskovits katika Chuo Kikuu cha Northwestern imeweka hadharani maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, zinazojulikana kama mkusanyiko wa Winterton. Mtu wa Bagamoyo anaweza kuona mtaa wake wa zamani kwenye simu, kupitia Evanston, kilipo chuo hicho.

Nisieleweke kwamba simu ndiyo suluhisho. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza ya London, na kwa miezi mingi hata miswada iliyokuwa imepigwa picha kwa mradi wake wa nyaraka zilizo hatarini haikufunguka, ikiwamo ile ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Hati zenyewe zilikuwa salama Lamu, kabatini mwake, wakati picha zake hazifunguki mtandaoni. Onesho la kidijitali ni nakala, na nakala inahitaji nyumba zaidi ya moja.

Vilevile si lazima kila mara tukimbilie ya kale. Mlimani kuna kipindi chote cha miaka ya 1960 na 1970, ambacho wanafunzi wa leo wanakisikia kama hadithi ya babu. Mwaka 1972 kitabu cha Walter Rodney juu ya Ulaya kuidumaza Afrika kilichapwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House, mwandishi akiwa mwalimu palepale. Kabla yake, wanafunzi walikuwa na jarida lao, Cheche, lililopigwa stensili, lililodumu mwaka mmoja tu hadi likapigwa marufuku Novemba 1970. Karatasi yake ni nyepesi, rangi imefifia. Weka nakala moja ya Cheche kando ya barua inayoifungia, uone kama mwanafunzi atapita. Makaratasi ya namna hii, vipeperushi vya migomo, ratiba za mihadhara, tiketi za michezo ya kuigiza, ndiyo yanayotupwa kwanza ofisi zinapohama. Kwa maoni yangu yana uzito kuliko toleo la kwanza la kitabu chochote, kwa kuwa kitabu kina nakala kwingine.

Mihadhara na uzinduzi wa vitabu sitaikalia sana. Inafanyika, inajaza ukumbi, hasa tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Ombi langu kwa waandaaji ni moja: kila mhadhara uwe na meza yenye vitu vitatu kutoka ghalani vinavyohusu mada, na mkutubi wa kuvieleza. Julai 7, kwa bahati, ndiyo Sabasaba, na wengi huenda Barabara ya Kilwa kununua sufuria. Maktaba ikitaka watu, ianze wiki moja kabla.

Kalenda ndiyo inayotutoa jasho. Maktaba nyingi hutangaza tukio siku nne kabla, kwa sababu tarehe inategemea nafasi ya mgeni rasmi. Ukipanga kwa kufuata kilichomo ghalani, tarehe zinajileta zenyewe miaka kadhaa mapema. Mwaka 2028 utatimia miaka 300 ya tarehe iliyo kwenye Utendi wa Tambuka, 1141 Hijria, yaani 1728, mojawapo ya hati za kale kabisa za Kiswahili zenye tarehe, na hati hiyo imehifadhiwa Hamburg. Mwaka 2030 utatimia miaka 100 ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ambayo ni mzazi wa TATAKI ya leo, taasisi ya Kiswahili pale Mlimani. Onesho la 2030 litaharibika likiwa la kujipongeza. Kiunguja kilichaguliwa, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikaachwa, na wapo Wamombasa ambao hawajaridhika mpaka leo. Wapewe kabati lao, na maelezo wayaandike wao.

Mkopo wa hati kutoka nchi nyingine huchukua miaka: bima, ripoti ya hali ya hati, masharti ya unyevu, barua juu ya barua. Anayetaka kuiona Tambuka Pwani mwaka 2028 hawezi kusubiri mgeni rasmi apatikane ndipo aanze. Na wewe msomaji uliye karibu na chuo, nenda kaunta uulize ratiba ya maonesho ya mwaka ujao. Ukiambiwa bado haijatoka, omba daftari la wageni, andika jina lako na kitu ulichotaka kuona. Mkutubi akienda kuomba bajeti ya siku tano, hana ushahidi mwingine zaidi ya daftari hilo.